Anayenunua Upana Huuziwa Uzito

Kuna imani iliyoenea gereji kwa gereji, kuanzia mashamba ya Michigan na Ohio kule Marekani hadi vijiwe vya mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam: gari likiteleza kwenye udongo, dawa yake ni tairi pana. Likiendelea kuteleza, tafuta pana zaidi. Likikataa kabisa, tafuta pana lenye kashata ndefu na meno ya kutisha. Imani hii haiulizi udongo ni wa aina gani, injini ina nguvu kiasi gani, wala ndani ya tairi mna upepo kiasi gani. Inatazama, inapenda, inatoa pesa. Nami nasema imani hii ni potofu, na panapoiumbua zaidi ni pale pale wafuasi wake wanapokimbilia kutafuta ushahidi: kwenye mbio za dragi za udongoni.

Kwa asiyezijua, mbio zenyewe ni fupi na hazina hadithi ndefu. Vyombo viwili vinasimama sambamba, taa inawaka kijani, na wa kwanza kumaliza futi 300, yaani mita 91 hivi, ndiye mshindi. Hakuna kona wala lami. Wengine hukimbizana kwenye shamba lililoparuliwa nyasi, wengine kwenye mfinyanzi ulioshindiliwa, wengine mchangani, wengine topeni. Wapo wa pikipiki, wapo wa kwadi, yaani pikipiki za magurudumu manne, na wapo wa magari yaliyobaki fremu na injini tu. Kwa kuwa kila kitu kinakwisha kwa sekunde chache, aliyesaga tairi bure katika mita tano za kwanza hana pa kufidia. Ndiyo maana tairi lina uzito kuliko hata farasi wa injini. Hapo mimi na wapenzi wa upana tunakubaliana. Tunaachana njia tunapouliza: tairi gani?

Tuanze na hesabu, maana haina ushabiki. Tairi hubeba mzigo kwa upepo uliomo ndani yake. Gurudumu likibeba kilo 300, na upepo ukawa kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, yaani psi 14 hivi, unyayo wa tairi hilo ardhini utakuwa karibu na sentimita za mraba 300. Ugumu wa ubavu wa tairi utaipunguza au kuiongeza hesabu kidogo, lakini kanuni ni hiyo. Sasa chukua tairi lenye upana wa sentimita 20: litakanyaga kwa urefu wa sentimita 15. Chukua la sentimita 30: litakanyaga kwa urefu wa sentimita 10. Zidisha mwenyewe. Eneo ni lile lile. Mnunuzi ametoa pesa akidhani ananunua mguso mkubwa zaidi na ardhi, kumbe amenunua umbo lingine la mguso ule ule. Anayetaka unyayo mkubwa kweli afungue valvu apunguze upepo. Hiyo ni bure.

Na umbo nalo lina gharama zake. Kwenye udongo laini, kila gurudumu huchimba mfereji mbele yake na kuusukuma udongo ili lipite. Kadiri mfereji unavyokuwa mpana, ndivyo injini inavyolipa zaidi kwa kazi isiyosogeza gari mbele. Mieczysław Bekker, mhandisi mzaliwa wa Poland aliyeijenga elimu ya mwendo wa magari nje ya barabara na kuiandikia kitabu kikubwa mwaka 1956, alilifafanua jambo hili kwa kina: kwa eneo lile lile, unyayo mrefu na mwembamba hukutana na upinzani mdogo kuliko ule mfupi na mpana. Elimu hiyo ilitumika kwenye gari lililopelekwa mwezini na Apollo 15 mwaka 1971, ambalo Bekker mwenyewe alishiriki kulibuni. Magurudumu yake, yaliyofumwa kwa waya wa chuma, yalikuwa na kimo cha sentimita 81 na upana wa sentimita 23 tu. Ardhi ya mwezini ni vumbi laini lisilo na mwisho. Kama upana ungekuwa ndiyo dawa ya vumbi, pale ndipo tungeuona.

Lakini hoja yangu kubwa haiko kwenye umbo, iko kwenye udongo wenyewe. Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi Mfaransa wa karne ya 18, alionyesha kwamba udongo hukataa kukatika kwa njia mbili. Ya kwanza ni mnato: chembe kushikana zenyewe kwa zenyewe, kama ilivyo kwenye mfinyanzi wenye unyevu. Ya pili ni msuguano wa chembe zilizogandamizwa na uzito, kama ilivyo kwenye mchanga mkavu. Penye mnato, eneo la unyayo linasaidia kweli, kwa sababu kila sentimita ya mraba ina chembe zake zilizoshikana. Pasipo na mnato, kuongeza eneo hakuongezi kitu; kinachoongeza mshiko ni uzito ulioelekezwa kwenye magurudumu yanayosukuma. Kwa hiyo mtu akiuliza kama tairi pana ni bora kuliko jembamba, ameuliza swali lisilo na jibu. Ataje udongo kwanza.

Ndiyo sababu mkimbiaji anayejua kazi yake hatoki nyumbani na tairi moja kichwani. Akifika uwanjani, kabla hajashusha chombo, huitembea njia yake kwa miguu kutoka taa za kuanzia hadi mwisho. Hukandamiza kisigino aone kinazama kiasi gani. Huchota udongo mkononi na kuufinya. Ukikaa donge lenye alama za vidole, kuna mnato na kuna unyevu, na meno ya tairi yatapata cha kung'ata. Ukimwagika katikati ya vidole, ni mchanga au vumbi, na meno mafupi yatabaki yakipepeta. Usipochoteka kabisa, kisigino kikagonga kitu kigumu chenye vumbi jembamba juu yake, huo umeshindiliwa, na hapo kazi ni ya mpira wenyewe wala si ya meno. Kisha saa sita mchana, jua likishaunywa ule unyevu uliomwagiliwa asubuhi, hurudi kuutembea tena. Njia iliyokuwa tifutifu saa tatu huweza kuwa imekauka, imeng'aa na kujipaka mstari mweusi wa mpira ulioachwa na waliotangulia. Tairi lililoshinda asubuhi sasa ni mzigo.

Kwenye udongo ulioshindiliwa, kashata ndefu ni hasara tupu. Uzito wote wa chombo unasimama juu ya vidude vichache vya mpira vinavyopinda kila gesi inapokanyagwa, na kila kinachopinda kimekula nguvu iliyopaswa kusukuma. Hapo hutakiwa mpira laini ulionyolewa uwe mfupi, wenye ncha nyingi ndogo. Kwenye tifutifu lenye unyevu, kinyume chake: kashata ziwe na kimo cha kutosha na nafasi kati yake, ili kila jino lizame na kushika udongo mzima nyuma yake. Topeni, nafasi hizo lazima ziwe kubwa zaidi, na tairi lizunguke kwa kasi ya kulirusha tope nje. Kashata zikibanana, tope hujaa kati yake na tairi linageuka kipara. Waliopita kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika hawahitaji kuambiwa hili. Wameshaona tairi pana na la gharama likivaa tope pande zote, likizunguka bure, huku bodaboda yenye tairi la vidole vinne inapita pembeni.

Sasa niwasikilize wapinzani, maana wana hoja na haifai kuzikwepa.

Hoja yao ya kwanza ni magari ya daraja la Top Fuel, wafalme wa dragi chini ya NHRA, chama kilichoasisiwa Marekani mwaka 1951. Injini zake hutoa zaidi ya farasi 10,000, na matairi yake ya nyuma yana upana wa inchi 17.5. Kama upana si kitu, wanauliza, mbona hawa hawatumii matairi membamba? Jibu ni kwamba hawa hawakimbii kwenye udongo. Wanakimbia kwenye lami au zege iliyopakwa gundi maalumu na kufunikwa tabaka la mpira, sehemu ambayo ukitembea viatu vinanata. Hapo mpira unashikana na mpira. Mpira una tabia yake: ukigandamizwa sana mahali padogo, kiwango chake cha kushika hushuka, kwa hiyo kuutandaza ni faida. Pia joto la kutisha linahitaji mpira mwingi wa kulipokea. Tena hata huko upana peke yake haufanyi kazi. Matairi hayo hupewa upepo usiofika psi 10, na mbavu zake hutengenezwa zijikunje wakati wa kuondoka ili unyayo urefuke. Wapenzi wa upana huinakili picha wakaiacha siri. Wanachukua upana wa Top Fuel, wanautia upepo wa psi 30, wanaupeleka shambani, kisha wanashangaa.

Hoja ya pili ni mchanga. Nani hajaona matairi ya makasia, yale mapana yaliyonyolewa kashata zote kisha yakabandikwa mapala ya mpira yaliyosimama wima? Hayo ndiyo hutawala mbio za mchangani kule Marekani, kama kwenye vilima vya Glamis, California, na pia hupandisha magari kwenye Tal Moreeb, kilima cha mchanga cha Liwa huko Abu Dhabi chenye kimo cha mita 300 hivi. Ni mapana, nakubali. Lakini tazama yanavyofanya kazi. Mchanga mkavu hauna mnato, kwa hiyo hakuna cha kushika. Kasia huuchota na kuutupa nyuma, na chombo husukumwa mbele kwa kuutupa huko. Upana ni upana wa pala. Na pala lina sharti: ni lazima mwenye kulishika awe na nguvu za kulichota. Ndiyo maana waendesha kwadi hubishana juu ya makasia 8, 10 au 12, na juu ya kimo cha kila kasia, wala hawaanzi na upana. Injini ndogo ikivalishwa makasia mengi na marefu huzama mizunguko, hukosa pumzi na kubaki nyuma. Tiba yake ni kisu: kasia hupunguzwa kidogo kidogo hadi injini ipumue. Anayenunua kasia kubwa kuliko injini yake hajanunua mshiko, amenunua breki.

Na wenzetu wa Muscat wanaotoka Ijumaa kwenda kwenye michanga ya Sharqiya wanalijua hili bila kusoma popote. Hawabadilishi matairi. Wakiiacha lami husimama, wakapunguza upepo hadi karibu psi 15, unyayo ukarefuka, na gari lile lile lililokuwa likizama linapita. Wakirudi barabarani hujaza tena. Haya ni marekebisho ya tairi yasiyo na gharama, na bado kuna watu huku kwetu wanaokwama mchangani na psi 35 huku wakiulaani wembamba wa tairi.

Hoja ya tatu ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote: washindi wanayatumia. Ni kweli wapo washindi wenye matairi mapana, kama walivyo walioshindwa wenye matairi hayo hayo, ila hao hakuna anayewapiga picha. Mashindano ya trekta za kuvuta mzigo, nayo ya futi 300 za udongo, yanatupa kipimo bora. Chama chao cha kitaifa cha Marekani, NTPA, kipo tangu mwaka 1969, na katika madaraja makubwa saizi ya tairi ina kikomo: 30.5L-32. Wote wanafika na upana ule ule, inchi 30.5. Kama upana ndio ushindi, wangefungana sare. Hawafungani. Kinachowatofautisha ni uzito uliopangwa, upepo, na namna meno ya tairi yalivyokatwa: yamefupishwa kiasi gani, ukingo wake wa mbele umenolewa vipi, kati yake pameondolewa mpira kiasi gani. Kukata matairi ya trekta ni kazi ya ufundi ambayo watu huwalipa wataalamu wake. Usione vyaelea, vimeundwa.

Tukirudi nyumbani, ushahidi upo kwenye Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 pale Naivasha. Katika ubingwa huo, saizi ya tairi la daraja la juu kwenye lami ni 235/40 R18. Kwenye changarawe ni 205/65 R15. Someni namba hizo polepole. Wahandisi wenye bajeti ambazo sisi hatutaziona, wakitoka kwenye lami kwenda kwenye udongo, wanapunguza upana kwa milimita 30 na kuongeza kimo cha ubavu. Kwa nini? Kwa sababu juu ya changarawe iliyolegea tairi pana huelea, na lile jembamba huikata na kuifikia ardhi ngumu iliyo chini yake. Na ubavu mrefu hupokea mawe na mashimo bila kupasuka. Rudini nyuma zaidi, mwaka 1963, mvua iliponyesha hadi yakamaliza magari saba tu kati ya 84, na Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff ikashinda. Au mwaka 1965, Joginder Singh alipoibuka mshindi na Volvo PV544. Sidai kwamba wembamba wa matairi ya zama zile ndio uliowapa ushindi; wote walikuwa na matairi membamba. Nasema tu kwamba tope la Afrika Mashariki lilivukwa na kushindwa kabla upana haujawa fasheni.

Kuna deni lingine ambalo upana huliacha bila kulitaja, nalo ni uzito na kimo. Mpira ulioko kwenye kashata uko mbali na ekseli, na injini hulazimika kuusukuma mara mbili: kuupeleka mbele pamoja na gari, na kuuzungusha. Kila kilo inayoongezwa pale nje huhesabika karibu kilo mbili wakati wa kuondoka. Matairi mawili ya nyuma yaliyozidi kilo nne kila moja ni kama kumpakia mtoto wa kilo 16 katika mbio zinazoamuliwa kwa urefu wa bampa. Kisha kimo. Tairi pana mara nyingi huja likiwa refu pia. Ukitoka kwenye kimo cha inchi 25 kwenda 27 bila kugusa gia, nguvu inayofika ardhini imepungua kwa zaidi ya asilimia 7. Dereva huyo ataapa kwamba gari sasa halitelezi. Ni kweli halitelezi, maana limepoteza nguvu ya kutelezea.

Nikiupinga upana, ninapendekeza nini? Napendekeza kisu, utepe wa kupimia na geji ya upepo, kwa mpangilio wa kinyume na huo.

Geji kwanza. Shusha upepo hatua kwa hatua, na kila mara piga mstari wa chaki kutoka ubavuni mwa tairi hadi kwenye rimu. Baada ya kuondoka, tazama. Mistari ikiachana, tairi linazunguka ndani ya rimu. Umeshuka mno, au unahitaji rimu zenye pete ya kubana mdomo wa tairi. Mistari ikibaki pamoja, bado una nafasi ya kushuka.

Utepe unafuata. Matairi mawili yenye saizi moja iliyoandikwa ubavuni, kutoka kiwanda kimoja, yanaweza kutofautiana mzunguko. Pikipiki nyingi za magurudumu manne zina ekseli ya nyuma isiyo na difu. Magurudumu yote mawili huzunguka sawa yatake yasitake. Kama tairi moja lina mzunguko wa sentimita 200 na jingine 202, katika mita 91 la pili linataka kutangulia kwa sentimita 90 hivi. Haliwezi, kwa hiyo linavuta chombo upande, na mwendeshaji anakilazimisha kirudi huku mwenzake anapaa. Wangapi wamenunua tairi pana zaidi kuponya ugonjwa ambao utepe wa fundi cherehani ungeubaini?

Kisu ni cha mwisho, na ndicho chenye utamu. Kifaa cha kuchongea ni kishikio cha umeme chenye wembe uliopindwa mfano wa herufi U. Unaupima utokeze kiasi unachotaka, unausubiri upate moto, kisha unausukuma polepole ndani ya mpira. Ukiwa na moto wa kutosha, mpira hutoka kwa uzi mmoja mrefu unaojikunja, moshi mwepesi wenye harufu kali ukipanda. Ukipoa, hukwama na kurarua, na kingo zilizoraruliwa hazishiki kitu. Kabla ya hapo fundi amepima kina cha kashata pande tatu na kuamua atasimama wapi, maana chini ya mpira kuna nyuzi, na nyuzi zikionekana tairi limekufa. Kwa njia iliyoshindiliwa hunyoa kashata zipungue kimo, kisha huzichanja mistari myembamba ya kukingama na mwendo, ili kila kashata ipate ncha nyingi, ilegee na ipate joto upesi. Kwa udongo laini wenye unyevu huondoa safu moja na kuacha moja, ili zilizobaki zibebe uzito zaidi na kuzama. Tairi moja la bei ya kawaida, mikono miwili, vipimo viwili tofauti. Hakuna upana wa dukani unaoweza kukupa chaguo hilo.

Hata ugumu wa mpira ni wa kuangalia kabla ya upana. Katika mbio za sekunde chache tairi halipati muda wa kujipasha, kwa hiyo mpira laini hushinda, na kifaa kidogo cha duromita kinakusomea ulaini huo papo hapo. Asiye na duromita asome tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka na kukakamaa hata ukiwa stoo. Tairi pana la mtumba la miaka minane ni ubao. Na wale wanaolainisha mpira kwa kupaka kemikali wajue kwamba mashindano mengi Marekani yamepiga marufuku, mengine yanapeleka vipande vya tairi maabara, na kwamba dawa zenyewe si za kuvuta puani.

Hapa pana onyo ambalo silitoi kwa adabu tu. Yote niliyoyasema kuhusu kisu ni ya uwanjani, kwa mita 91, bila abiria. Kuchonga upya tairi kipara ili lirudi barabarani, kama inavyofanyika kwenye baadhi ya vijiwe vyetu, ni kosa jingine kabisa. Yapo matairi ya malori yenye neno REGROOVABLE ubavuni. Hayo yametengenezwa na akiba ya mpira chini ya mifereji kwa ajili ya kuchongwa. Mengine hayana akiba hiyo. Anayeyachonga anakula tabaka linalolinda nyuzi, kisha anapakia watu na kwenda nao kilomita mia tano kwenye lami yenye jua. Mtu asiitumie makala hii kuhalalisha biashara hiyo.

Kwa nini basi imani ya upana haifi, wakati hesabu inaipinga, udongo unaipinga na saa inaipinga? Kwa sababu upana unaonekana. Psi 8 haionekani pichani. Tofauti ya sentimita mbili za mzunguko haimfanyi mtu ageuze shingo. Chanjo kwenye kashata haina jina la kampuni. Muuza matairi hawezi kukuuzia upepo mdogo, lakini tairi la inchi mbili zaidi lina bei yake na faida yake, na likishafungwa kila mtu kijiweni ataliona. Wahenga walishasema ukubwa wa pua si wingi wa makamasi, lakini pua kubwa ndiyo inayouzika.

Nawapa wapenzi wa upana changamoto rahisi. Chukueni chombo kimoja, dereva mmoja, njia moja, na tairi la upana wa kawaida lililopimwa kwa utepe. Kimbieni mara tatu kwa upepo wa kiwandani, mara tatu kwa upepo uliopunguzwa kwa theluthi moja, na mara tatu kwa nusu. Andikeni muda wa kila mara. Kisha fungeni hayo mapana yenu na mfanye vivyo hivyo, siku hiyo hiyo, udongo ukiwa na unyevu ule ule. Mkishinda kwa saa, nitanyamaza. Ila sharti langu ni moja: mwamuzi awe saa. Jicho lisiitwe kutoa ushahidi, kwa sababu jicho ndilo lililonunua tairi.